Twilight Imperium kwa Wanaoanza: Mwongozo wa Kuandaa Mchezo wa Siku Nzima Dar

Kijiwe chochote cha drafti hapa Dar, uwe Manzese au Mbagala, kinakufundisha jambo moja: anayekula kete nyingi ndiye bingwa. Kwa Twilight Imperium somo hilo liweke pembeni kabla hujafungua boksi. Unaweza kula manowari za jirani yako mchana kutwa, ukamwacha mtupu, na jioni akashinda mtu wa tatu aliyekaa kimya akihesabu pointi zake. Nimeliona hilo likitokea zaidi ya mara moja, na sehemu kubwa ya ninayoandika hapa imetokana nalo.

Kwa wasioufahamu: huu ni mchezo wa mezani wa himaya zinazogombea galaksi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1997, limebuniwa na Christian T. Petersen. Linalochezwa sana sasa ni toleo la nne, la mwaka 2017, kutoka kampuni ya Fantasy Flight Games. Unachezwa na watu 3 hadi 6, kuna himaya 17 za kuchagua, na mchezo mmoja huchukua saa 4 hadi 8. Kwa wanaoanza mimi huhesabu zaidi ya hapo. Atakayefikisha pointi 10 wa kwanza ndiye mshindi, na mchezo unakwisha papo hapo.

Usitishwe na wingi wa vipande. Mtu anayeweza kucheza bao la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, akajua wapi namua inaishia na mtaji unaanzia, ana kichwa cha kutosha kabisa kwa mchezo huu. Kinachoangusha wengi ni maandalizi.

Kupata boksi

Boksi ni kubwa na zito, kwa hiyo gharama ya kulisafirisha haichekeshi. Sisi tulichanga. Tulifanya kama upatu, ila badala ya kupokezana fedha tukanunua kitu kimoja cha wote, na ndugu wa mmoja wetu aliyekuwa anarudi nyumbani akatubebea kwenye begi lake. Kabla ya kuchanga, andikeni mahali boksi litakaa kwa nani na nini kitafanyika mmoja akihama mji. Ni dakika tano za maongezi, na zinaokoa urafiki.

Wakati mnasubiri, pakueni vitabu vya kanuni. Viko viwili, mchapishaji ameviweka bure kwenye intaneti kwa mfumo wa pdf. Kimoja ni cha kujifunzia, kingine ni cha rejea, kimepangwa kwa alfabeti. Mtu mmoja, yaani wewe unayesoma hapa, akisome cha kujifunzia mara mbili. Cha rejea msikisome kama hadithi. Ni cha kufungua pale mtakapobishana.

Vitabu na karata vyote ni vya Kiingereza. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, utoe nakala kwa kila mchezaji: hatua za raundi, bei ya kila chombo, na kazi ya zile karata nane za mkakati ambazo wachezaji huchagua kila raundi. Karata hizo zina namba 1 hadi 8, kwa hiyo hata asiyependa Kiingereza atazifuata kwa namba. Karatasi hii imetusaidia kuliko video yoyote niliyowahi kuangalia.

Kuna kifurushi cha nyongeza cha mwaka 2020, Prophecy of Kings, kinacholeta himaya nyingine 7 na kuruhusu wachezaji hadi 8. Ni kizuri. Kiacheni kwenye nailoni yake mpaka mmecheza mara tatu.

Jambo la hali ya hewa: unyevu wa pwani hupinda karata. Zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu vipya, usizitupe. Tia nne au tano ndani ya boksi.

Watu na siku

Mara ya kwanza alika watu wanne, wewe ukiwamo. Mkiwa watatu au wanne kila mtu huchukua karata mbili za mkakati kwa raundi badala ya moja, na hilo huongeza mawazo kidogo, lakini zamu yako inarudi upesi na hakuna anayepata muda wa kushika simu. Watu sita ndio utamu wenyewe wa mchezo. Uwawekee waliokwisha kucheza.

Chagua Jumamosi, anza saa 3 asubuhi. Mara yetu ya kwanza, Sinza, tulianza saa 8 mchana tukijiona tuna muda. Ilipofika saa 4 usiku tulikuwa raundi ya tatu, wawili wanakaa Gongo la Mboto, wakaondoka kuwahi daladala. Mchezo ukafia pale, na mmoja wao hajakubali mwaliko tena hadi leo. Tangu siku hiyo nawaambia wageni wangu mapema: njoo umekunywa chai, utaondoka saa 2 usiku, na mwisho wa kila raundi tunapumzika. Mapumziko hayo yaegemezeni kwenye adhuhuri na alasiri ili wanaoswali wasilazimike kuacha zamu yao katikati.

Chakula kiwe cha kijiko. Pilau ya saa 7 mchana inafaa sana. Chipsi mayai kwa mikono kisha kushika karata, hapana. Mishikaki mtu aile akiwa ameondoka mezani.

Usiku wa kabla

Panga kila kitu kabla watu hawajafika. Ramani huundwa kwa vigae vya pembe sita. Kwa watu sita ni vigae 37: kimoja cha katikati kiitwacho Mecatol Rex, sita vya nyumbani, na 30 vya kujaza. Kanuni zinaruhusu wachezaji wajenge ramani pamoja, kigae kimoja kwa zamu, lakini asiyejua thamani ya sayari ataweka kigae kibaya mbele ya mlango wake mwenyewe. Ijenge wewe, uhakikishe kila mtu ana sayari nzuri mbili tatu karibu na kwake.

Meza ya kulia ya watu sita inatosha kwa ramani, na kila mchezaji umwekee stuli pembeni kwa ajili ya karata zake. Tumewahi kutandika jamvi sebuleni na ilikwenda vizuri, tatizo ni magoti baada ya kukaa saa nne mfululizo. Feni ya juu iwe kwenye namba moja, au funika karata kwa kitu kizito, maana ikipepea mara moja hakuna atakayekumbuka ipi ilikuwa ya nani. Dadu ni za pande kumi (ile 0 husomwa kumi), zitupwe kwenye sinia lililotandikwa kitambaa. Na taa ya kuchaji iwe imejaa, umeme unaweza kukatika wakati wowote.

Himaya nazo zigawe wewe. Kwa anayeanza napendekeza Sol, ambao ni binadamu, wanapata kete moja ya amri zaidi kila mwisho wa raundi (kete za amri ndizo za kuamuru vyombo vyako) na makosa yao yanasameheka. Hacan ni wafanyabiashara, mpe yule anayejua kupatana bei. Sardakk N'orr huongeza 1 kwenye kila dadu ya vita. Xxcha ni watu wa diplomasia, wanafaa mtu mtulivu. Arborec usimpe mgeni, viwanda vyao haviwezi kuzalisha askari wa miguu. Nekro pia hapana: hawapigi kura na hawafanyi utafiti wa teknolojia kama wengine, kwa hiyo atakuwa anajifunza mchezo tofauti na wenzake.

Kuwafundisha

Nusu saa, isizidi. Anza na pointi, usianze na manowari. Wageni macho yao yote yako kwenye vile vyombo vya plastiki, nawe ukianza kueleza vita hawatasikia kingine.

Weka mezani malengo ya wazi mawili yanayofunuliwa mwanzoni, yasome kwa Kiswahili, kisha sema: haya ndiyo mashindano yetu. Kila raundi lengo jipya litafunuliwa. Ya kwanza yana thamani ya pointi 1 kila moja, ya baadaye pointi 2. Boksi la msingi lina malengo kumi ya pointi 1. Yako ya kutumia rasilimali 8, ya kumiliki sayari sita nje ya nyumbani, ya kuwa na teknolojia mbili katika kila rangi kati ya rangi mbili, ya kutoa bidhaa tano (bidhaa ndiyo fedha ya mchezo huu). Katika yote kumi hakuna hata moja linalosema ushinde vita. Waache walisikie hilo, uone wanavyoanza kuitazama ramani upya. Malengo ya siri ndiyo yenye kudai vita mara nyingine, na hayo kila mtu anaanza na moja, hawezi kuzidisha matatu.

Mwisho wa raundi kila mchezaji anaweza kupata pointi kwa lengo moja la wazi na moja la siri. Na sharti ambalo wageni hulisahau: bila kumiliki sayari zote za nyumbani kwako, huruhusiwi kupata pointi za lengo la wazi. Kwa hiyo nyumbani pasiachwe bila mlinzi, hata kama majirani ni watu wazuri.

Kisha eleza sayari. Kila moja ina namba mbili, rasilimali za kununulia vyombo na teknolojia, na ushawishi wa kupigia kura na kununulia kete za amri. Ukiitumia kwa moja, unaifunika karata yake. Huwezi kuitumia kwa kingine mpaka ifunuliwe. Basi. Yaliyobaki watayajua wakicheza.

Raundi ya kwanza, pole pole

Hapa ndipo pa kutumia muda. Raundi ya kwanza ichezeni kwa sauti, kila mtu akieleza anachofanya na kwa nini.

Mnaanza kwa kuchagua karata za mkakati. Namba 1 ni uongozi, inakupa kete tatu za amri. 5 ni biashara, inakupa bidhaa tatu na kujaza shehena zako (za kufanyia biashara, nitazieleza mbele). 7 ni teknolojia. 8 ni ya kifalme, inakupa nafasi ya kudai lengo la wazi hapo hapo bila kusubiri mwisho wa raundi. Mwenye karata ya namba ndogo ndiye anatangulia kucheza. Karata isiyochaguliwa huwekewa bidhaa moja juu yake, kwa hiyo ile inayodharauliwa leo itatamanika kesho.

Sasa kete za amri. Kila mtu anaanza na nane: tatu za operesheni, tatu za kundi la vyombo, mbili za mkakati. Zile za kundi haziondoki, zinaonyesha tu idadi ya vyombo vikubwa unavyoruhusiwa kuweka kwenye kigae kimoja. Zile mbili za mkakati ni za kudandia karata za wenzako. Mwenzako akitumia teknolojia, nawe unaweza kutoa kete moja na rasilimali 4 ukapata yako. Zile tatu za operesheni ndiyo mikono yako. Unaweka moja kwenye kigae, vyombo vyako vinakwenda pale, vinapigana kama kuna adui, askari wanashuka kwenye sayari, na kama kuna kiwanda unajenga.

Kosa la kila mgeni liko hapa. Chombo hakiwezi kuondoka kwenye kigae ambacho tayari kina kete yako. Mgeni anaona ana rasilimali, anaanza kwa kujenga nyumbani. Anaweka kete nyumbani. Vyombo vyake vyote vimefungiwa ndani, na raundi nzima wenzake wanachukua sayari yeye akitazama. Toka kwanza, jenga baadaye.

Mfano wa Sol. Wanaanza na vyombo viwili vya kubebea, mharibifu mmoja, ndege tatu, askari watano na kiwanda kimoja kwenye sayari yao ya Jord yenye rasilimali 4. Kete ya kwanza: chombo kimoja cha kubebea na askari wawili kwenda kigae cha jirani chenye sayari mbili, askari mmoja kila sayari. Kete ya pili: cha pili upande mwingine, na askari wengine wawili. Kete ya tatu: nyumbani, kujenga. Rasilimali 4 zinatosha chombo kipya cha kubebea kwa 3 na askari wawili kwa 1. Au asijenge, atoe zile 4 kwa teknolojia mwenzake atakapotumia namba 7. Mambo yote mawili kwa Jord peke yake hayawezekani, na sayari mpya ulizochukua huja zikiwa zimefunikwa, hazikusaidii mpaka raundi ijayo. Mwache mgeni alifikirie hilo mwenyewe. Mimi kwa mara ya kwanza ningejenga, kwa sababu askari wa kushika sayari huisha haraka kuliko unavyodhani.

Huwezi kupasi kabla hujatumia karata yako ya mkakati. Baada ya wote kupasi mnahesabu pointi, mnafunua lengo jipya, kila mtu anapata karata moja ya kitendo, anaondoa kete zake ramani nzima, anapewa mbili mpya na kuzipanga upya. Kisha sayari zote zinafunuliwa.

Maneno mezani

Sisi watu wa mji huu tuna faida ambayo kitabu hakiitaji: tunajua kupatana. Aliyewahi kununua kitambaa Kariakoo anaelewa nusu ya mchezo huu.

Kila himaya ina shehena zake, Sol nne, Hacan sita. Shehena ikiwa mkononi mwako haina kazi. Ukimpa mchezaji mwingine inageuka kuwa bidhaa, na bidhaa ni fedha, inatumika kama rasilimali au kama ushawishi. Kwa hiyo hata "kaka, nipe tatu zako nikupe tatu zangu" inawaacha wote wawili matajiri bila mtu kupoteza kitu. Wageni wa mchezo hukaa kimya raundi mbili nzima kwa kudhani wanamsaidia adui. Washtue. Sharti ni kwamba mmoja wenu awe kwenye zamu yake na muwe majirani, yaani vyombo au sayari zenu ziwe kigae kimoja au vinavyogusana. Hacan pekee wanafanya biashara na yeyote popote.

Ahadi zina kanuni yake. Inayoweza kutekelezwa hapo hapo, mkono kwa mkono, inamfunga aliyeitoa. Ya baadaye haimfungi. "Dada, nipishe hapa leo, raundi ijayo nitakupigia kura" ni maneno tu, anaweza kuyaacha. Hili lisemwe wazi asubuhi, mbele ya wote, kabla ya kura ya kwanza. Kwenye meza yetu mtu aliumia kweli kwa kuvunjiwa ahadi na rafiki wa miaka mingi, na ni kwa sababu hatukuwa tumelisema. Yeyote aliyealika ndiye mwenye jukumu hilo.

Zungumzeni Kiswahili. Najua karata zinavuta Kiingereza, lakini mapatano kwa lugha ya mtu mwenyewe yana ladha, na mtulivu wa meza hufunguka.

Katikati ya ramani

Mecatol Rex ina ushawishi 6, lakini wa kwanza kushusha askari pale lazima alipe ushawishi 6. Anapata pointi 1, na kuanzia raundi hiyo bunge la galaksi linafunguliwa: kila mwisho wa raundi kuna hoja mbili za kupigiwa kura. Kura ni ushawishi wa sayari zako, na bidhaa hazikubaliki hapa. Spika, yaani mchezaji mwenye alama ya uspika, anapiga wa mwisho. Usione uchungu kutumia kura, kwa sababu bunge likiisha sayari zote zinafunuliwa tena. Ila ulizotumia kwenye hoja ya kwanza hazipo kwa ya pili, kwa hiyo usizimalize kwa hoja isiyokuhusu.

Je, ukimbilie Mecatol? Kwa anayeanza ningesema nenda kama njia ni fupi na una ushawishi, chukua pointi yako, wala usimwage damu kuishika. Anayekaa pale hutazamwa na kila mtu.

Vita

Vinajieleza. Kila chombo kina namba. Dadu ikifika au kuipita, umepiga. Manowari kubwa (dreadnought) hupiga kwa 5, chombo cha kubebea kwa 9, kwa hiyo usipeleke vya kubebea peke yake mahali penye adui. Ndege ni za bei nafuu, mbili kwa rasilimali 1, na ndizo za kufa badala ya vyombo vikubwa. Kabla ya kushambulia muulize mgeni swali moja: ukishinda, unapata pointi gani? Kama hana jibu, mwache aamue, lakini aulizwe.

Jioni ikiingia

Mkubaliane asubuhi saa ya kufunga. Ikifika saa 1 jioni na kinara ana pointi 7, tangazeni raundi ya mwisho, mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Ni bora kuliko kuburuzana hadi usiku na watu kukosa usafiri.

Kisha kila mtu akusanye himaya yake kwenye mfuko wake, na karatasi yake ya himaya pamoja. Mifuko ya nailoni yenye kufungika inatosha, moja kwa kila rangi. Vigae peke yake, karata kwa aina zake, dadu kwenye kikopo. Kwa mpango huu mara ya pili tuliandaa meza kwa nusu saa, na wageni wakakuta chai bado ya moto.